Ukimya wa Mzee Mboji

Mimi ni mpishi wa nyumba ya mafungo, na niseme mapema kwamba ukimya haukuumbiwa jikoni. Sufuria haijui kama kuna sista anasali. Lakini ndio utaratibu wa hapa: wageni wanakuja kwa siku nane, wanaacha simu zao kwenye kikapu cha mapokezi, na baada ya chakula cha jioni ya kwanza hakuna anayesema neno hadi chai ya asubuhi ya siku ya tisa. Wanasali wakitembea peku chini ya miti, kwa kuwa Padri wetu anafundisha kwamba huwezi kumpenda Muumba huku unachafua alichokiumba. Mgeni mmoja alikolewa na mafundisho hayo, akaenda kukumbatia mti wenye siafu. Siku hiyo ukimya ulivunjika kabla ya saa yake.

Mwenye kazi kubwa hapa si Padri, na Padri mwenyewe anakiri. Ni mzee tunayemwita Mzee Mboji. Maganda yangu yote ya viazi, majani makavu, samadi ya ng'ombe wa jirani, yeye ndiye anayevipanga tabaka kwa tabaka, anavimwagia maji, anavigeuza kwa koleo mpaka viwe udongo mweusi wa kitalu chake cha miche. Kila alasiri, kwa saa moja, wageni wanamsaidia kujaza udongo huo kwenye vifuko tunavyoshona kwa majani ya mgomba, maana plastiki Padri hataki hata kuiona. Saa hiyo mzee anaruhusiwa maneno ya kazi tu: leta maji, shindilia kidogo, weka kivulini.

Mzee ana mtoto mmoja, wa kike. Miaka kumi na miwili iliyopita binti huyo alimwambia baba yake kwamba anakwenda utawani. Mzee, mjane, alikuwa anasubiri wajukuu. Hakugombana naye, angegombana ingekuwa afadhali. Alinuna. Wiki nzima hakumsemesha, na asubuhi ya safari alibeba jembe akaenda shambani ili asimuage. Binti akabeba begi lake peke yake hadi barabarani. Sasa niambie, nani anamwacha mtoto aondoke bila kumsindikiza? Hata mgeni wa saa moja tunamfikisha njiani!

Baadaye shirika lake la masista lilimtuma binti mbali sana. Barua zikawa zinakwenda na kurudi, salamu na habari za mvua, na jambo lenyewe hakuna aliyeligusa. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyo ndiye mjukuu pekee Mzee Mboji aliyempata, na alimlea miaka yote kumi na miwili.

Mwaka huu orodha ya wageni ilipobandikwa mlangoni pa jiko, mzee aliisoma mara tatu. Jina la binti yake lilikuwamo.

"Nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu, Mama Jiko," aliniambia. "Siku ya tisa, wakishakunywa chai."

Gari lililomleta binti lilichelewa. Aliposhuka, kengele ya ukimya ilikuwa imeshalia. Akamwinamia baba yake kichwa, naye akainama, kama watu waliokutana mlangoni pa ofisi.

Kila alasiri nikawa nawatazama kutoka dirishani. Wamekaa bega kwa bega, vidole gumba vyao vimepinda namna moja, udongo umewajaa hadi viwikoni. Mzee anafungua mdomo, kisha anasema, "Shindilia kidogo, Sista." Sista! Mtoto wake wa kumzaa! Siku ya tano nilishindwa kuvumilia, nikamfuata.

"Mzee, mwambie leo. Mungu hatakufunga."

"Ameahidi siku nane," akanijibu. "Nilimkwaza kwenye ahadi yake ya kwanza. Sitamkwaza kwenye hii."

Nikarudi kwenye viazi vyangu.

Jioni ya siku ya nane Padri aliniagiza nimfungie Sista mkate wa njiani. Gari la shirika lingemfuata alfajiri, kabla ya chai. Nilikimbia kitaluni na unga mikononi. Mzee alinisikiliza, akaegemea koleo lake. Saa ya kazi ilikuwa imepita.

"Basi," alisema. "Si riziki."

Alfajiri gari likaja, mzee hayupo. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona kwenye lundo lake, mvuke unamzunguka, anageuza mboji aliyoigeuza jana yake. Amekimbia tena! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, na miguu ileile ya kukimbilia shambani. Nilikuwa najifunga kanga vizuri niende nikamseme, binti akashuka garini na begi lake, akanipita, akakatiza kwenye nyasi zenye umande hadi mbele ya baba yake. Akaliweka begi chini.

"Baba," alisema, na siku nane zake zikaishia hapo, "safari hii nisindikize."

Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua begi. Wakaenda kwa miguu kuelekea getini, gari likiwafuata polepole, dereva ananung'unikia muda. Mimi nikafuata na mkate niliokuwa nimesahau kuutoa, kwa makusudi.

"Nilikosa, mwanangu," mzee alisema getini. "Nilikunyima hata kwaheri."

"Najua, Baba. Shirika lilitupa nyumba tatu za mafungo tuchague. Nikachagua hii."

"Mbona barua haikusema?"

"Ingesema, ungenikimbia."

Wakacheka, huku wanalia. Nikampa mkate wake, akapanda gari.

"Nenda salama, mwanangu," mzee akasema kwa sauti, na gari likaondoka. Akasema tena likiwa linakata kona. Akasema tena barabara ikiwa tupu, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hasikiki.