Jogoo wa Mwenyekiti

Baba yangu alikuwa katekista, na kosa lake lilikuwa kusimama kwenye mkutano. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa kuhamishiwa vijijini, na kwetu upande wa Kilolo tuliambiwa tuhame mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Nyumba za waliochelewa zilishaanza kuchomwa moto. Baba akavua kofia, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, acheni watu wavune kwanza. Tukishavuna tutahama wenyewe." Basi. Hakumtukana mtu. Wiki haikuisha, akakamatwa kwa kuchochea wananchi waikaidi serikali.

Kesi ikapelekwa Iringa mjini. Kila tarehe ya kesi mama na mimi tulipanda lori la viazi, tukashuka na vumbi mpaka kwenye kope, tukakaa kwenye benchi la mahakama na chakula cha baba kikapuni. Mara mpelelezi hajafika, mara jalada halionekani, mara hakimu yuko semina. Karani alichungulia tu mlangoni na kusema, "Imeahirishwa." Nililichukia neno lile kuliko matusi. Majirani waliochomewa nyumba walikuja kumtolea baba ushahidi, wakaambiwa wasubiri nje, na huko nje ndiko walikobaki mpaka kesi ikaisha.

Mama akachoka kungoja. Kwetu, watu wakikosana, mmoja humpelekea mwenzake kuku. Haiulizwi nani mwenye makosa. Kuku anachinjwa, mnamla pamoja, na maneno yanaishia hapo. Basi mama akamkamata jogoo wetu mwekundu, akamfunga miguu, akaenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji, maana ndiye aliyemshtaki baba. Mwenyekiti akampokea kwa mikono miwili.

"Kamwene, mama. Wewe nenda tu nyumbani, nitakuita siku ya kumla."

Mama alirudi anaimba. Siku hiyo haikufika.

Tulipomwona tena mwenyekiti alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi. "Mheshimiwa, huyu anajua kosa lake," alisema. "Mke wake aliniletea jogoo kuniomba msamaha." Hakimu akaandika. Baba akanyoosha mkono aieleze ile desturi, akaamriwa anyamaze.

"Si hivyo!" mama alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Mbona hasemi kwamba kamla peke yake?"

Askari akamtoa nje. Baba alifungwa miaka mitatu, akapelekwa gereza moja upande wa Mbeya.

Mama hakufuga kuku tena. Nilimwambia wangemfunga baba hata bila jogoo, na bado naamini hivyo. Alinisikiliza huku anachambua maharage, halafu akasema, "Lakini ni mimi niliyempeleka." Inaniuma mpaka leo.

Baba alitoka gerezani na kifua kibovu. Alikaa nasi muda mfupi, akalazwa Tosamaganga, akafia huko mvua za kwanza zilipoanza.

Siku ya kuanua matanga mwenyekiti akaja, kofia kichwani hana, mkononi ameshika jogoo. Alimkabidhi mama mbele ya wazee, na wazee wakamtazama mama, maana kwa desturi kuku wa namna hiyo hakataliwi. Mama akampokea kwa mikono miwili. Kisha akainama, akamfungua kamba miguuni, akamwachia uani.

Jogoo yule aliishi kwetu mpaka akazeeka. Wageni walikuja, Krismasi zikapita, hakuna aliyethubutu kumshikia kisu. Mwenyekiti naye alizidi kuzeeka, akaanza kutembelea fimbo, na kila alipokutana na mama njia ya kanisani alimuuliza kwa upole:

"Mama, yule kuku tutamla lini?"

"Imeahirishwa," mama alimjibu, akaendelea na safari yake.