Liste ya Maman Georgette

Maman Georgette wa Kasha, kule Bukavu, yule aliyekuwa akishona nguo barazani na kuimba kwa sauti ya kuamsha kartie nzima, mtaa wote, alitaka kitu kimoja tu tangu usichana wake: kutumwa kuhubiri. Kanisa lake lilimzungusha miaka kumi na tisa. Mara mwanamke asubiri, mara watoto wakue kwanza. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, ndipo mchungaji akamwita yeye na mumewe, Papa Télesphore. "Muende Idjwi, kusini ya kisiwa," akawaambia. "Miezi tatu. Kama hamupate watu wa kusali nao, mutarudia huku."

Miezi mitatu, kwa kazi aliyoisubiri miaka yote hiyo! Georgette hakubishana. Alifunga cherehani yake, wakapanda boti.

Sasa sikilizeni kosa lake. Siku ya pili alizunguka kilimani nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, akisalimia kwa Mashi, lugha ya kwao, na wenyeji wakamwelewa huku wakichekacheka, kwa kuwa Kihavu chao hakiko mbali nayo. Akawaambia: "Tuko hapa mu misioni." Kisha akaandika jina la kila mtu na idadi ya watoto wake, ili awaombee mmoja mmoja. Jamani, Georgette! Wewe uliyekulia Bukavu hujui? Siku hizi misioni ni ya watu wa mashirika ya msaada. Wanakuja, wanaandika liste, yaani orodha ya majina, na nyuma ya liste kunafuata sabuni, maharagwe na mablanketi.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango akakuta watu sitini na wawili wamepanga mstari, kila mmoja na karte yake ya uchaguzi, kitambulisho cha kupokelea msaada. Mama mmoja alikuja na gunia tupu. Georgette, maskini, alidhani Roho ameshuka. Akaanzisha wimbo.

"Maman, wimbo ni muzuri," akasema Muzee Fikiri, mkulima wa mananasi aliyesimama mbele kabisa, "lakini mutagawa saa ngapi?"

"Kugawa nini, papa?"

Walipoelewana, ilikuwa aibu tupu. Wachache walicheka. Wengi walikasirika, kwani walikuwa wameacha mashamba yao. Fikiri alitema mate chini. "Mulituandika bure. Hakuna mutu wa hapa atasali na nyinyi."

Na kweli, Jumapili walisali wawili, Georgette na mumewe, pamoja na kuku wa jirani. Papa Télesphore akaanza kukunja mashuka. "Turudie nyumbani, Georgette. Jina letu limeharibika."

Georgette alilia, wala hakujificha. Alilia kwa hasira, akijipiga kifua. "Ni mimi niliwadanganya, hata kama sikutaka. Niliwaandika. Basi nitamufikia kila mutu niliyeandika."

Akaanza na jina la kwanza. Sabuni ya kugawa hakuwa nayo, lakini mikono alikuwa nayo. Kwa mama wa gunia alipalilia muhogo mpaka jua la utosi. Kwingine alishona sare za shule, kwingine alikaa na mgonjwa ili binti wa nyumba aende sokoni. Kila alipoingia alisema waziwazi: "Sikuleta kitu. Jina lako liko mu daftari, nimekuja kukuona." Wa kwanza walimtazama wakidhani amerukwa na akili. Kwenye nyumba ya tisa walimpa kiti. Alipofika ya thelathini habari zilikuwa zimemtangulia, akakuta viazi vitamu vimeshaiva. Na watu wakaanza kuja Jumapili: wanne, kumi na mmoja, kisha mabenchi hayakutosha.

Fikiri peke yake alimfungia mlango. Georgette alibisha siku tatu tofauti, na kila mara alimsikia muzee akikohoa ndani, asifungue.

Wiki ya mwisho ya ile miezi mitatu, Georgette alimkuta Fikiri amesimama uani, mbele ya nyumba yao, kofia mkononi.

"Maman, andika jina."

"Jina lako liko, papa."

"Hapana langu. Andika Tambwe, mutoto wangu. Alienda Shabunda mu machimbo ya zahabu. Miaka ine hajapiga simu. Kama iko muzima, kama alikufa, sijui."

Georgette alishika kalamu, akasita. Safari hii hakutaka neno lake lolote lieleweke vibaya. "Papa Fikiri, unisikie. Shabunda sitafika. Sina mutu kule. Kumurudisha sitaweza. Niko na maombi tu."

"Najua," akasema muzee. "Kisiwa chote kinajua. Lakini kila mutu ananiambia nimusahau. Wewe, ukisha kuandika mutu, haumusahau."

Georgette akaandika: Tambwe, mwana wa Fikiri. Kisha wakapiga magoti pale pale uani. Muzee hakujua maneno ya kanisa. Alimwita mwanawe kwa jina, mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, na Georgette akawa anaitikia amina.