Zima, Tuisikie Boti

Jumamosi alasiri tulikuwa ufukweni Kibirizi tukiisubiri boti ya Mwamgongo, nayo ilikuwa imechelewa mno. Mvua ilikuwa imelifunika ziwa, huoni kitu. Waliozoea kupokea watu pale huitambua boti kwa mlio wa injini kabla haijatokea, kwa hiyo tulitega masikio. Shida ilikuwa kijana mmoja aliyeegesha gari karibu na maji, milango wazi, rumba ya Kongo ikitikisa mpaka vioo. Nilisonya. Mama mmoja aliyeshika pindo la kitenge chake akamwendea.

"Mwanangu, zima hiyo. Binti yangu yumo kwenye boti. Nataka kusikia injini."

"Shikamoo, mama," kijana akajibu bila kubandua macho ziwani. "Mke wangu naye yumo. Nimefungulia ili nisisikie hayo mawimbi."

Akazima hata hivyo. Tukasikiliza. Injini hakuna. Yalikuwepo mawimbi tu, na kila yalipopiga, mama alizidi kulisokota lile pindo. Mwishowe akagonga bodi ya gari kwa kiganja.

"Washa, mwanangu. Washa kwa nguvu."

Wenye maspika ya kutikisa mtaa mzima huwa nawalaani sana, na kesho nitaendelea kuwalaani. Siku ile nilijisogeza mpaka kwenye buti la gari, spika ilipo. Boti ilipochomoza kwenye mvua, imejaa watu wake wote, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisikia.