Weupe Juu ya Mkia

Shemeji yangu leo amekula mwiko wa ukoo wao na kulamba vidole.

Mpishi ni mimi.

Amefika hapa Nyanga mchana, kutoka Kagoma, na bata mwitu aliyemnasa bondeni. Kwenye ukoo wao hawali bata mwenye uso mweupe, ndiyo muziro wao. Yule wa kahawia mwili mzima wanakula.

"Huyu ni wa kahawia. Uso si unauona?"

Nikamwambia, shemeji, hebu tumwangalie mgongoni kwanza.

"Wewe umeolewa tu hapa. Utanifundisha muziro wangu? Pika!"

Haya.

Mimi nimekulia kando ya bwawa, jamani. Bata mwenye uso mweupe, akiwa hajakomaa, uso wake bado ni wa kahawia. Wa kahawia halisi ana weupe juu ya mkia.

Nikamgeuza. Pale juu ya mkia ni peusi tii!

Nikaukata mkia na manyoya yake, nikauweka kando. Nikamnyonyoa, nikampika na ndizi. Mimi na wanangu tukala dagaa.

Shemeji kamaliza mapaja yote mawili, akaongeza mchuzi.

Alipoanza kuchokonoa meno, nikamletea ule mkia kwenye sahani na kumweleza taratibu.

Mtu mzima kakimbilia migombani, vidole kooni. Nilisimama mlangoni na maji ya kunawa, nikimsikiliza. Sikumpelekea.

Karudi macho mekundu. "Shemeji, nakuomba, usimwambie mama."

Nimemwahidi kwamba mdomo wangu hautamwambia mama mkwe hata neno moja.

Semeni ninyi, nimekosea wapi?

Mama mkwe naye yumo humu kwenye kundi, anasoma. Mama, shikamoo.