Mkwe Aliyeikimbia Sufuria

Jua liko utosini, na Robi Machage anateremka kilima cha Nyamisangura, hapa Tarime, sufuria ya ugali kichwani na ndoo ya maharage mkononi. Mbele yake wanaume wanachimba mtaro wa barabara. Hakuna mwenye mnyororo shingoni.

"Bado naangalia shingo zao," anasema. "Macho yamezoea chuma."

Robi ni mpishi wa gereza. Aliianza kazi hiyo alipofiwa na mume, kwa mshahara ambao akiutaja hucheka. "Chumvi unatosha. Sabuni, mpaka niombe Mungu."

Miaka hiyo hakuwajua wafungwa kwa sura. Alipika, askari wakabeba, sahani zikarudi. Aliwajua kwa vikohozi vyao na, siku za kiboko, kwa sauti ambazo hapendi kuzisimulia.

Mwaka huu wa 1954 amri imebadilika. Mtu wa kosa dogo hafungiwi tena. Mchana anafanya kazi ya serikali, jioni anakwenda kulala kwake. Wakubwa wanasema ni jambo jipya kabisa.

"Jipya kwao," anasema Robi. "Babu zetu hawakuwa na jela. Mkosaji alilipa ng'ombe, akalala kwa mkewe. Serikali imezunguka sana, lakini naona inakaribia nyumbani."

Sharti lilikuwa moja, na bwana shauri, ofisa wa serikali wilayani, alilisema mbele ya wote: akitoroka mmoja, wote wanarudi ndani. Mmoja wao ni Heche, aliyevusha ng'ombe mpakani wakati wa karantini. Heche ni mume wa Gati, binti pekee wa Robi, na siku ile Gati alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote.

Siku ya kwanza ya kazi Robi alipakua, watu wakala. Sahani moja ikabaki. Askari Method, kijana wa Bukoba ambaye Kikurya chake kinaishia kwenye salamu, akahesabu vichwa, kisha akavihesabu tena.

"Mama, Heche hayupo. Katoroka."

Wote wakaacha kutafuna. Mzee Nyamhanga, aliyefungwa kwa kupigana kwenye pombe, akaliweka tonge lake chini. "Basi, leo tunalala ndani," akasema. "Na mke wangu amekwisha chinja kuku."

Akilini Robi alimwona Gati akishikwa na uchungu peke yake, bila mtu wa kutumwa kumwita mkunga. Method naye alikwisha kutia filimbi mdomoni. Ikilia tu, boma litasikia, na hapo hakuna wa kuwatetea.

"Ngoja kwanza, mura, kijana wangu," Robi akamwambia. "Sikiliza."

Mbele, nyuma ya kona, jembe lilikuwa likigonga udongo. Robi akachukua sahani, wakaenda. Walipofika konani walikuta mtaro mbichi, mtu hakuna. Jembe likasikika kona ya pili. Wakafika, mtaro mbichi tena, na jembe liko mbele zaidi.

"Huyu anatoroka huku anachimba?" Method akauliza.

Robi akakaa chini na kucheka mpaka machozi.

"Hatoroki serikali. Ananikimbia mimi. Mimi ni mama mkwe wake. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hapokei chakula mkononi mwake. Akiiona sufuria yangu, anasogea. Tukiendelea kumfuata tutampeleka Kenya sisi wenyewe."

"Mama, huyu alivusha ng'ombe mbele ya askari wenye bunduki. Aogope mwiko?"

"Askari hawakumzaa Gati."

Akaiweka sahani juu ya jiwe, akajifunika kanga kichwani, akageuka na kutazama kilima. Muda si mrefu majani yakachakarika. Sahani ikasikika ikikwaruza jiwe, kisha kikohozi.

"Kile kikohozi nakijua," Robi akanong'ona.

Method akaitia filimbi mfukoni, akapangusa jasho. Walipowarudia wenzao, Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama, jembe begani kama mtu anayengoja hukumu. Alipoambiwa, akaokota tonge lake, akalipuliza vumbi, akalila. Jioni wote walilala kwao, na kuku wa Nyamhanga hakuharibika.

Wiki iliyofuata Gati alishikwa na uchungu alfajiri. Aliyekimbia kumwita mkunga ni Heche. Mtoto ni wa kiume, akilia ana mapafu ya jumbe anayeita watu barazani.

Sasa kila mchana Robi anaacha sahani moja juu ya jiwe na kugeuka. Inarudi imeoshwa, jambo ambalo hakuna mfungwa mwingine aliyewahi kumfanyia. Anatumaini siku moja jela itabaki ghala la mtama, na yeye apikie watu wa barabara tu. Heche bado ana muda wa kutumikia, na barabara ni ndefu.

"Wakitaka barabara ifike Sirari, kule mpakani, upesi, waniambie," anasema, akijitwika sufuria. "Nitamfuata."