Kiti cha Baba Kilikuwa Wazi

Charlotte, dada wa marehemu mume wangu, alikalia kiti changu mbele ya wazazi wote wa shule, na walipoita mama wa Chancelle, yeye ndiye aliyesimama. Mimi sikuwa nimekufa. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nimesimama ndani ya ukumbi huohuo, nimevaa liputa mpya, yaani kitenge cha kujifunga, na mtoto niliyemzaa aliniona, akageuza uso.

Hilo ndilo kosa. Nimelitanguliza ili mtu asidhani nazungukazunguka.

Naitwa Kapinga. Nilizaliwa hapa Kolwezi, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, kwa sababu babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akazeekea huku. Nilikuwa darasa la pili watu wa Kasai walipofukuzwa katika mji huu. Tulikaa stesheni na vyungu vyetu na magodoro yetu, tukingoja treni, na shule yangu iliishia pale. Kuandika nilijifunza ukubwani, parokiani, pamoja na wazee waliotaka kusoma zaburi kabla ya kufa. Kolwezi nilirudi kwa ndoa. Kanyinda alinikuta Mwene-Ditu nikiuza mahindi ya kuchoma, akaniambia, "Weye ni mutu wa Kolwezi, unafanya nini huku?" Nikamfuata. Alikufa Chancelle akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo napika bukari, ugali wetu, na bitoyo, samaki wa chumvi, nawauzia vijana wanaochimba mawe ya shaba na kobalti. Nyumba yangu ni chumba kimoja. Humo tunalala, humo napika mvua ikinyesha.

Chancelle alipofaulu kuingia septième, mwaka wa kwanza wa sekondari, nilifurahi hadi nikaogopa. Shule ya msingi niliielewa: unamwogesha mtoto, unamlisha, unamtuma. Sekondari sikujua mtoto anahitaji nini. Nilimuuliza jirani yangu Mama Angèle, muuza vitenge, ambaye watoto wake walipita huko.

"Kule kila saa mwalimu mwingine," alinieleza. "Asubuhi anasomeshwa na mmoja, saa sita wanne wamekwisha kupita. Kichwa kinamzunguka. Akirudi usimuulize maswali. Mpe chakula, alale kidogo, atasema mwenyewe."

Nikafanya hivyo. Lakini Chancelle hakusema. Alirudi, akakaa na sahani mbele yake, chakula kikapoa. Shati alilovaa siku moja tu alilifua tena na tena, kwa sabuni nyingi, mpaka vidole vikachubuka. Nilifikiri ni masomo magumu.

Siku moja nilipita karibu na uzio wa shule na beseni langu la unga kichwani, nikasikia mwenyewe.

"Bitoyo! Ee Bitoyo, mama yako amepika nini leo?"

"Fungueni madirisha, Bitoyo ameingia!"

Wasichana walikuwa wanamzunguka mmoja, na huyo mmoja alikuwa wangu. Alikuwa anacheka pamoja nao. Kama angelia ningeweza kuvumilia. Nilivuka upande wa pili wa barabara ili asinione.

Shati lile lilikuwa linaning'inia chumbani kwangu juu ya mbabula, jiko la mkaa, mahali ninapokaanga samaki. Mimi sikuwahi kusikia harufu. Aliyezaliwa katika moshi hausikii. Siku hiyohiyo nilichukua nguo zake zote za shule, nikazipeleka kwa Mama Angèle.

"Uniwekee hizi kwako, mama."

"Kwako kunavuja?"

"Hapana. Kwangu kunanuka."

Hakucheka. Alizitundika kati ya vitenge vyake vya kuuza. Kila asubuhi Chancelle alitoka nyumbani amejifunga liputa, akaenda kuvaa kwa Angèle, na mimi nilimsugua nywele kwa ndimu. Lakini jina halitoki kwa ndimu. Waliendelea kumwita.

Ndipo alipokuja Charlotte. Yeye alisoma, anafanya kazi ofisini katika kampuni moja, na nyumba yake iko karibu na shule.

"Kapinga, mutoto aikale kwangu siku za masomo," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Kuko courant ya taa, kuko meza. Atasoma muzuri. Ku mwisho wa juma atarudia kwako."

Inabidi nieleze kitu hapa. Kwetu, dada wa baba tunamwita tatu mukaji, maana yake baba aliye mwanamke. Si heshima ya mdomo tu. Kwa watoto wa kaka yake yeye ni baba kweli. Binti akiposwa, yeye anaketi upande wa baba na anapokea fungu la baba. Akimbariki mtoto, amebariki baba. Akimlaani, ni hivyohivyo. Kanyinda alipokufa, Chancelle hakubaki bila baba. Alibaki na Charlotte. Kwa hiyo sikuweza kumkatalia. Na nikisema ukweli, sikutaka kumkatalia, kwa sababu nyumba yake hainuki. Nilimfungia mtoto vitu vyake upesi upesi, kama mtu anayeficha kitu polisi wasikione.

Mambo yakawa mazuri. Jumamosi Chancelle alirudi akinukia mafuta ya shangazi yake, akiongea juu ya aljebra na juu ya mwalimu wa jiografia anayepiga chafya kila anapotaja mto. Alianza kula. Jina la Bitoyo lilikuwa limepungua, aliniambia, sasa wamemhamia msichana mwingine mwenye kigugumizi. Hata hilo lilinipa raha, Mungu anisamehe. Nilimshukuru Charlotte moyoni.

Shule ile ya masista ina desturi yake. Majuma ya kwanza yakiisha, watoto wa septième wanapokelewa rasmi. Mpaka siku hiyo mfuko wa shati lao hauna alama yoyote, na wakubwa wanawataniatania. Siku ya kupokelewa, kila mtoto anawekewa viti viwili ukumbini, jina lake limeandikwa kwa chaki nyuma: kiti cha mama na kiti cha baba. Mtoto anasimama mbele yao. Mama anabandika macaron, ile alama ya shule ya kitambaa, kifuani kwa pini. Baba anaweka mkono juu ya kichwa. Halafu nyumbani, mama anaishona kwa uzi. Basi, mtoto amekuwa wa sekondari.

Chancelle alinitajia siku yenyewe huku akitazama ukuta.

"Lakini kama uko na kazi, mama, si lazima."

"Kazi gani? Siku hiyo bachimbaji batakula mkate."

Alichukua sahani, akaenda kuiosha. Nilipaswa kuelewa pale pale.

Siku yenyewe nilifika nimevaa liputa ambayo Mama Angèle alinichagulia, ya kijani. Mlinzi wa geti ni Tata Symphorien, mteja wangu wa zamani.

"Ee, Mama Kapinga! Leo umependeza mupaka unaogopesha bantu. Umetuletea bukari? Bya kula binapitia nyuma."

"Sikuleta bya kula, tata. Miko mama ya mutoto."

Alicheka, akatafuta sufuria mikononi mwangu, hakuiona. Kisha alinitazama usoni, akaacha kucheka. Alifungua geti kwa mikono miwili. "Unihurumie, mama. Pita."

Hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Ndani ya ukumbi nilitafuta jina la Chancelle, na kabla ya jina nikamwona Charlotte. Alikuwa ameketi katika kiti cha mama, mkoba wake juu ya magoti. Kiti cha baba, pembeni yake, kilikuwa kitupu. Nikasema moyoni: ananishikia nafasi, akiniona atasogea. Nikaanza kutembea kati ya viti.

Sista mkubwa akaita, kwa Kifaransa ambacho hata mimi nilikielewa, "Mama wa Chancelle Kanyinda!"

Charlotte akasimama. Akapokea macaron, akachukua pini. Alikuwa hajageuka kuniona, lakini Chancelle alikuwa ametazama upande wangu. Macho yetu yalikutana juu ya bega la shangazi yake. Aligeuza uso, akautazama msalaba ukutani, akatulia hivyo mpaka pini ilipoingia kwenye shati.

"Na baba?" sista aliuliza.

Charlotte alijibu kwa Kifaransa. Sikuhitaji kukijua ili nielewe, kwa sababu watu waliguna kwa huruma, na mama mmoja alimpapasa mkono. Charlotte aliinamisha kichwa kidogo, akapokea pole. Pole zile ni zangu. Nilizipokea nikiwa nimenyolewa, nimekaa chini, Charlotte akiwa katikati ya wale waliohesabu sahani za mume wangu ili wazirithi. Hata ujane alinichukulia.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami alinigusa. "Na weye, mama, mutoto wako ni nani?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Hapana, nilikuja kuangalia tu."

Kile kilichofanywa na Charlotte ni kosa lake. Lakini neno hilo lilitoka kwangu, na ndilo linalonichoma nikikoroga bukari, nikifua, nikipita mbele ya kanisa. Nilimkana mtoto wangu kwa sababu nilikuwa nimeona haya kwamba yeye amenikana.

Getini Tata Symphorien aliuliza, "Imekwisha?"

"Imekwisha, tata."

Sikuenda nyumbani. Nilienda kwa Charlotte, nikawangojea barazani mpaka wakarudi. Chancelle alipita mbele yangu kama maji, akaingia ndani. Charlotte alikuwa na uso wa mtu anayepokea mgeni.

"Kapinga! Ingia, kuko sucré ya kunywa mu frigo."

"Sitaki sucré. Ju ya nini uliikala mu kiti yangu?"

Alipumua kama aliyechoka. "Mutoto njo aliniomba. Muulize. Aliogopa batamuita tena ile jina. Na ba sista banasema Français tu. Bangekuuliza, ungejibu nini?"

Chancelle alikuwa amesimama kwenye korido, macaron kifuani. Hakukanusha.

"Mutoto iko na miaka ya kuomba bitu bibaya," nikasema. "Weye uko na miaka ya kukatala."

"Kumbe kumusaidia imekuwa kosa! Ni nani anamusomesha hapa? Ni nani alimutoa mu ile harufu?"

"Ni weye. Na minakushukuru. Lakini weye ni tata yake, baba yake, Charlotte. Kanyinda alikufa, ulibakia weye. Kiti ya tata ilikuwa wazi, pembeni ya yangu. Ungeikala pale, hakuna mutu angefungua kinywa. Ju ya nini haukuikala mu kiti yako?"

Alitazama liputa yangu ya kijani, akatazama mikono yangu, akatazama kando. Na mimi nikaelewa, nikatamani nisingeuliza. Angeketi kiti cha baba, mimi ningeketi cha mama, na mabega yetu yangegusana mbele ya watu wote. Si kwamba alitaka kuwa mama wa Chancelle. Hakutaka tu kuonekana ameketi karibu nami.

Kwetu anayekalia kiti cha mama wakati mama yu hai, amemzika. Na baba hawezi kuwa mama, hata awe baba mwanamke. Charlotte anayajua haya kuliko mimi, maana harusini yeye ndiye wa kwanza kudai fungu lake la baba.

Chancelle alifunga vitu vyake mwenyewe, bila kuambiwa. Tulirudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Siku zilizofuata alikwenda tena kuvaa kwa Mama Angèle, na jina lilirudi.

Siku moja aliniletea shati. "Mama, sista anasema macaron zote zishonwe. Yangu tu njo inabakia na pini."

Nilichukua sindano, nikatia uzi. Nilitazama pini ile, jinsi ilivyobandikwa vizuri, sawasawa, na mkono usio wangu. Nikarudisha sindano.

"Siwezi. Nikishona sasa, nimekubali kwamba ile kazi ilifanywa na aliyestahili."

Alilivaa na pini.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nagawa chakula, wachimbaji wamejaa kwenye mabenchi, vumbi hadi kwenye kope. Nikasikia mmoja anapiga kelele, "Mama Kapinga, ficha bya kula, ba inspecteur bamefika!" Nikainua kichwa. Chancelle alikuwa pale na sare yake ya shule, pamoja na msichana mwingine wa darasa lake, Jémima.

Chancelle aliongea akitazama ndani ya sufuria. "Jémima, huyu njo mama yangu."

"Huyu njo Mama Bitoyo?" Jémima akasema, kisha akaziba mdomo kwa mikono.

"Ee, njo yeye. Ikala ukule, utajua ju ya nini minanuka."

Benchi zima lilicheka, na Chancelle alicheka pia, si kama alivyocheka siku ile kwenye uzio. Niliwapa bukari na vipande vinene vya samaki. Sikuweza kuwatazama. Nilifuta mikono kwenye liputa, ikakauka, nikaendelea kuifuta. Jémima aliomba nyongeza.

Basi mtoto amesema. Amesema mbele ya wachimbaji na rafiki mmoja, si ukumbini, lakini yeye ni mtoto na kwangu inatosha. Simdai tena.

Ninayemdai ni Charlotte. Mwisho wa mwaka wazazi wataitwa tena ukumbini kusikia matokeo, na viti vitawekwa viwiliviwili kama kawaida. Sitaki aje kwangu kwa siri na kitenge cha kunituliza. Anachopaswa kunipa ni hiki: akae katika kiti cha Kanyinda, ambacho ni chake, mimi nikae katika changu, na sista akipita, asimame aseme kwa Kifaransa chake kizuri, ili ukumbi wote uelewe, kwamba mama wa Chancelle ni huyu. Siku hiyo nitang'oa pini na kushona. Sindano iko dirishani, uzi mweupe tayari. Bado Charlotte.