Mama Alilala na Herufi Zake

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Enzi za Ujamaa, nilipomaliza darasa la saba na kubaki nyumbani huku milimani Upareni, balozi wetu wa nyumba kumi alinichagua nifundishe kisomo, yaani watu wazima wajue kusoma na kuandika. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao mama yangu mzazi. Hebu fikiria umkosoe mama yako mbele ya majirani, halafu jioni akupakulie makande.

Mama hakufuata cheti. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge kule chini tambarare, na kila mwezi alituma barua kupitia mtu yeyote wa kwetu anayepanda kuja milimani. Msomaji nilikuwa mimi. Nikifika mahali baba alipomwandikia mkewe maneno ya mke na mume, nilikohoa, nikaruka, nikaendelea na habari za mbuzi. Mama alijua. Siku moja akaniambia anataka kusoma barua ya mumewe kwa macho yake, kabla baba hajaja likizo ya Krismasi. Miaka mitano ndoa yake ilikuwa ikipitia mdomoni mwangu, na alikuwa amechoka.

Lakini herufi zilimkataa. Alichokijua jioni, asubuhi hakipo. Nami badala ya kupunguza mwendo nikaongeza. Tukitoka darasani alasiri, nilimfuata jikoni na kitabu mpaka ugali ukaungua, na akisinzia namgusa kwa kiwiko. Nilidhani kichwa ni gunia, ukishindilia vinaingia zaidi. Mungu anisamehe, kuna siku nilimwambia labda akili yake imeshazeeka. Akaendelea kuchambua maharage.

Sasa, huku kwetu tuna ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji kwa ajili ya mashamba. Jioni mwenye zamu huliziba mdomo kwa tope na magogo ya migomba, usiku linajaa, asubuhi analizibua na maji yanashuka kwa nguvu hadi shamba la mwisho. Usipoziba, maji yanachuruzika usiku kucha na kuishia njiani. Jioni ya zamu yetu mama aliinuka kwenda kuziba. Nikamzuia: kwanza mstari huu, na huu, na huu mmoja tu. Giza likaingia na tukasahau wote wawili.

Asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu, vyura wanatutazama, na zamu yetu nyingine ni baada ya siku nane. Nilijiandaa kutukanwa. Mama akakaa ukingoni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Mwanangu, ndiva isipozibwa haijai," akasema. "Na kichwa changu, ni lini umeniacha nikakiziba?"

Nilinuna kutwa nzima, maana alikuwa amesema kweli. Jioni ile nikamfundisha herufi nne tu, nikafunga kitabu. Akala, akasali, akalala mapema. Asubuhi, hata uso sijanawa, nikamkuta amezichora zote nne kwa kijiti kwenye jivu la jikoni. Alisema usingizini zilikuwa zikimpitia moja moja, kama mbuzi wanaoingia zizini.

Tangu hapo darasa zima likafuata sheria ya ndiva: kidogo tu, kulala, kesho yake tunazibua tuone. Mzee mmoja aliielewa anavyotaka yeye, akawa anakoroma darasani kabisa. Nikimwamsha ananiambia nimwache, anajaza ndiva. Nilimfokea, lakini mtihani alifaulu, sijui alifauluje.

Leo mjukuu wangu anayesomea udaktari ananieleza kwamba mtu akilala ubongo hauachi kazi, unayapitia upya mambo ya mchana na kuyapanga yakae. Nilimwambia kwamba mama yangu alilijua hilo akiwa na tope miguuni. Akacheka, nikamwambia asicheke.

Barua ya mwisho kabla ya Krismasi ya mwaka ule ilipofika, nilinyoosha mkono kama kawaida yangu. Mama akaipokea yeye. Akaketi kizingitini, kidole chini ya neno, midomo ikitembea taratibu. Nilijifanya nafagia, nikafagia mahali pamoja mpaka vumbi likaisha. Chungu cha makande kilichemka, kikakauka, nikaongeza maji, bado anasoma. Mara akasita kwenye mstari mmoja, akaurudia, kisha akaurudia tena, na uso wake ukawa wa msichana ambaye mimi sikuwahi kumjua. Moyo wangu ulijaa furaha, na wivu kidogo pia, nakiri. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza baba anasemaje.

Mama akakohoa. Akaikunja barua, akaitia kifuani ndani ya khanga.

"Anauliza habari za mbuzi," akasema.